Uso wa Kwenye Makopo

Chumbani kwangu,
Jumapili, mchana.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umeketi, ingawa najua wewe na kiti hampatani mpaka mteja wa mwisho awe amesukwa na kuondoka. U hali gani? Goti limepoa? Wasichana wako wa saluni hawajambo, au bado wanagombania redio? Mimi huku sijambo, na safari hii si lile "sijambo" la mazoea ninaloandika ili ukurasa upate pa kuanzia. Sijambo kweli. Nina habari njema ya kukupa, na nina nyingine ambayo sijui niiite nini, na zote mbili zimefungamana kiasi kwamba siwezi kukukatia moja nikabaki na nyingine.

Barua yako niliipata pamoja na kifurushi cha mafuta. Ahsante kwa moyo wako. Umeniambia kwamba wateja sasa wanayaita "mafuta ya Profesa", Profesa akiwa ni mimi, kwa sababu ya ile picha yangu uliyoitundika juu ya kioo cha saluni. Umeniambia pia kwamba mchapaji wa stika yuko tayari, anachongoja ni picha yangu mpya, kubwa, isiyo na kivuli, ili uso wangu ubandikwe kwenye kila kopo. Ukaniuliza hadi lini utaomba kitu kimoja kama mtoto anayelilia pipi. Niwie radhi, Dada. Picha imo humu ndani ya bahasha. Nimeifunga kwa karatasi na juu yake nimeandika "Bado". Nakujua. Wewe barua huanza kuisoma mwisho, ukitafuta nani kakusalimu, ndipo upande juu kinyumenyume. Leo nakuomba uanzie mwanzo, na karatasi hiyo usiifungue mpaka nikuambie. Barua hii nimeichana na kuiandika upya hadi mwenye nyumba akaniuliza kama ninaomba kazi kwingine.

Nianze na la kazini. Unakumbuka kwamba niliajiriwa masjala, kile chumba cha nyuma yanakotunzwa mafaili. Kina rafu hadi darini, harufu ya gundi na karatasi za zamani, na dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jengo jingine. Wenzangu hukiita kaburi. Mimi nilikiona kimbilio. Mkuu wetu ni mama mmoja mfupi mwenye sauti nzito, tunayemwita Bi Muhuri, si kwa dharau, bali kwa sababu neno lake likishagonga halifutiki. Karani wa dirisha la mbele, pale watu wanapoleta shida zao na maswali yao, alipohamishwa, Bi Muhuri aliniita akasema kwamba mwenye subira na mwandiko wa kusomeka hapa ni mimi, kwa hiyo nijiandae kuketi dirishani. Mwingine angecheza ngoma. Mimi nilimwambia nina tatizo la koo. Akaniuliza ni koo gani hilo linalopona kila ifikapo saa ya chai.

Koo langu lilikuwa zima. Sikutaka tu kuonekana.

Unajua chunusi hizi zilivyoanza. Shuleni, wenzangu walipotokwa nazo, mimi nilikuwa na uso kama yai, nikawacheka. Kumbe zilikuwa zinanisubiri ukubwani. Mshahara wa kwanza na chunusi ya kwanza viliingia pamoja. Ofisini wakaniuliza kama nimebalehe upya. Nikajipaka limau, nikajipaka dawa ya meno, nikajisugua kwa dodoki kama sufuria iliyoungua, na kila nilipozidisha bidii nazo zikazidisha. Ndipo nilipokulilia, ukanitumia kopo la kwanza la mafuta unayochanganya mwenyewe. Kabla mwezi haujaisha uso ulikuwa unateleza na kung'aa. Nikaenda studio nikapiga picha, nakala moja nikaitoa kwa ajili ya kadi ya kazi, nyingine nikakutumia wewe. Ulinijibu kwamba uliilia pale pale mbele ya mteja, mteja naye akalia bila kujua kisa.

Yaliyofuata sikukuandikia. Uso ule haukudumu, Dada. Siku nikikosa kujipaka, ngozi iliwaka na kuwasha, na chunusi mpya zilijitokeza kuzunguka mdomo na mashavuni, zimesongamana kama watu kwenye foleni ya maji. Nikipaka tena zinatulia, kisha zinarudi na jamaa zao. Kila iliyopona iliacha doa jeusi mahali pake kama mpangaji aliyehama bila kufagia. Jua la mchana lilinichoma kama nimepakwa pilipili. Nikaanza kufika kazini kabla ya wengine na kutoka baada yao, nikipita ukutani. Chai nilikunywa kwenye rafu za nyuma, katikati ya mafaili yaliyofungwa, ambayo hayana macho.

Sasa sikia la getini. Asubuhi moja tulimkuta askari mpya, mrefu, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko cheo chake. Alichukua kadi yangu, akaitazama, akanitazama, akairudia kadi. Kwa adabu kabisa akaniuliza kama huyu wa kwenye picha ni mdogo wangu, na kama ndiye mwenye kazi, kwa nini hakuja mwenyewe. Nikamwambia ni mimi. Akasema yeye hajakataa, ila kadi ndiyo iliyokataa. Nyuma yangu watu walikuwa wameshajipanga na bahasha zao. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamshauri askari aniache nipite, kwani ni wazi kwamba huyu wa getini amemmeza yule wa kwenye kadi na bado hajamteremsha vizuri. Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole na mkubwa wake.

Bi Muhuri ndiye aliyenitoa pale. Alimwambia askari kwamba amefanya kazi yake barabara, ila watu hawa wote wawili ni wa kwake: wa kwenye kadi ndiye aliyeajiriwa, na huyu hapa ndiye anayefanya kazi. Kisha akanipeleka chumbani kwake na kufunga mlango. Nilijiandaa kuonewa huruma, lakini hakunionea. Alisema kwamba faili likichanika hatulifukii chini ya mengine, tunalipeleka kwa mshonaji wa vitabu, na kwamba hospitali ya umma ina kliniki ya ngozi kila Alhamisi, na ruhusa yangu ameshaiandika. Halafu akageukia ukuta, akaniambia, kama mtu anayeusimulia ukuta wenyewe, kwamba mwanawe wa kiume aliwahi kukataa kutoka nyumbani kwa sababu ya chunusi, naye akamgombeza kwamba mwanamume haangalii kioo. Kosa lile, alisema, hataki kulirudia kwa mtoto wa mwenziwe.

Basi nikaenda. Dada, sijawahi kukaa benchi moja na watu wengi wanaotazama viatu vyao kiasi kile. Palikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma aliyevuta kofia hadi kwenye nyusi, na dada mmoja aliyejitanda mtandio mpaka puani. Kando yangu aliketi mwalimu mnene mwenye chaki kwenye mkono wa shati. Nilikuwa nimedhani ni mimi peke yangu mtu mzima duniani mwenye ugonjwa wa watoto. Mwalimu akaninong'oneza akiuliza nina nini. Nikamwonyesha shavu. Akasema, kwa sauti ya mtu anayedharau mzigo wa mwenzake njiani, kwamba ni hizo tu? Kisha akainua kidevu nami nikaona za kwake, tukacheka, na kuanzia hapo benchi zima likaanza kuongea.

Daktari ni binti ambaye hanizidi umri kwa mengi. Wagonjwa humwita Daktari Polepole, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kila shauri. Aliniuliza ninavyonawa, ninavyolala, ninavyonyoa, na ninachojipaka kichwani. Aliniuliza pia swali moja ambalo jibu lake nitalileta mbele kidogo, nikishajikaza.

Maagizo yake yalinishangaza kwa udogo wake. Aliniambia niache kila kitu, limau, dawa ya meno, dodoki na mengineyo yote. Ninawe kwa sabuni laini asubuhi na jioni, kwa ncha za vidole, kama anavyooshwa mtoto mchanga. Jioni nipake dawa ya tyubu aliyonipa, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima na si zaidi, maana dawa ikizidi hainyooshi uso, inauchubua. Asubuhi nipake losheni ya kukinga jua, hata kukiwa na mawingu, kwa sababu madoa meusi hunywa jua na kunenepa. Mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji la uso. Foronya ifuliwe mara kwa mara. Na nisitumbue, nisikwangue, nisiguse. Nilipomuuliza ni lini nitapona, alisema ngozi si ukuta, kwamba utaupaka rangi Jumamosi na Jumapili uegemee. Akasema polepole.

Alinionya pia kwamba mwanzoni nitaharibika zaidi, kwa kuwa uso uliozoea kitu hufanya ghasia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Ikawa kweli. Zilinifumuka, zikaniwasha, ngozi ikabanduka kama rangi ya mlango wa zamani, na mikono ikanipigia kelele niikwangue. Nilikuwa nikiikalia. Kweli kabisa, nikiwa nasoma, mkono mmoja unashika kitabu na mwingine nimeukalia. Mara nyingi nilitaka kuacha. Lakini unajua uoga wangu, Dada. Kwa mara ya kwanza ulinifaa, kwani nilimwogopa Daktari Polepole kuliko nilivyoziogopa chunusi.

Vichekesho havikukosekana. Jirani yangu, fundi cherehani anayekaa upande wa pili wa ukuta, aliona foronya zangu kwenye kamba kila mara bila shuka hata moja, akaniuliza ni mgeni gani huyu ninayemficha, mwenye kichwa lakini hana mwili. Losheni ya kwanza ya jua iliniacha mweupe kama niliyeangukia pipa la unga. Tarishi alikutana nami ghafla kati ya rafu akadondosha mafaili yote, na tangu siku hiyo nikawa naitwa Mzimu wa Masjala. Nikatafuta losheni ya aina nyingine, nikajifunza kuipaka kidogo kidogo na kuipa muda, na mzimu ukapumzika. Sukari kwenye chai nayo niliipunguza. Daktari hakuapa juu ya hilo. Alisema kwa watu wengine huchangia na kwa wengine haichangii, nijaribu nione. Nimejaribu. Siwezi kusema kama chunusi zilijali, lakini mkanda wa suruali ulijali. Nimeacha pia kukesha na simu, nalala kama mtu mwenye nidhamu.

Miezi ilipita. Halafu asubuhi moja nikasimama mbele ya kioo nikitafuta chunusi mpya, kama nilivyozoea, nikakosa. Nikatafuta tena kwenye mwanga wa mlangoni, nikakosa. Yalikuwepo madoa, ndiyo, lakini madoa yenye adabu, yaliyoanza kufifia kwenye kingo. Daktari ameniambia hayo yatachukua muda wake. Mimi nayaona kama wageni waliokwisha kuaga lakini bado wamesimama mlangoni wakimalizia mazungumzo. Sina haja ya kuwasukuma. Wameshavaa viatu.

Sasa nipe mkono, Dada, kwa maana naketi dirishani. Bi Muhuri aliponiuliza mara ya pili, koo halikuuma. Siku ya kwanza nilifuta kioo cha dirisha hadi kikang'aa. Nilikuwa nimejifunza majibu yote ya kazi, lakini la uso sikuwa nimejiandalia, nalo ndilo lililokuja mapema. Mama mmoja mwenye haraka zake alinikagua kutoka paji hadi kidevu, akaniuliza kwa sauti ya kusikika foleni nzima iweje ofisi kubwa kama hii ikose kijana mwenye uso msafi wa kuweka mbele. Nilisikia masikio yangu yakipata moto. Kisha nikasikia sauti, nikatambua ni yangu, ikimwambia kwamba uso huu ni msafi, mama, unanawishwa asubuhi na jioni, madoa yake yanatibiwa na yanaendelea vizuri, sasa alete na nyaraka zake tuone kama nazo zinahitaji matibabu. Zilihitaji. Alikuwa amesahau kutia sahihi kila mahali. Tulizishughulikia pamoja, taratibu, na alipoondoka aliniita mwanangu. Bi Muhuri alipita nyuma yangu akaweka kikombe cha chai mezani, akaenda zake. Yeye hapelekei mtu chai. Nilikinywa pale pale mbele ya watu wote.

Kwa kuwa karani wa dirishani lazima afanane na kadi yake, niliagizwa kupiga picha mpya. Nikaenda studio ile ile ya kwanza. Mpiga picha alipoitazama kwenye kompyuta, akaniambia atanifutia madoa bure, ni kugusa tu hapa na pale, nitakuwa kama nilivyokuwa kwenye ile ya zamani. Alikuwa ameshaweka mkono tayari. Nikamwambia ayaache. Akadhani sijaelewa, akaeleza tena kwamba hatanitoza chochote. Nikamwambia nimeelewa, ila madoa haya nimeyafanyia kazi sana, siyaachi yafutwe na mtu ambaye hajawahi kukalia mkono wake. Alicheka, akaiacha kama ilivyo. Nikaomba nakala mbili, kama mara ile, moja ya kadi na moja ya kwako. Yule askari alipoiona kadi mpya alipiga saluti, akasema leo angalau tumekuja wote wawili.

Dada, kama ulikuwa umesimama, sasa keti. Nimefika pale nilipokuwa napachelewesha.

Lile swali la daktari lilikuwa hili: alitaka kujua nimekuwa nikipaka nini kabla ya kufika kwake. Nikamwambia ni mafuta tu. Akaniambia niyalete. Nilimpelekea kopo lako nimelizungushia soksi, kana kwamba ni kitu cha wizi. Alilifungua, akanusa, akachukua kidogo kwa kijiti, akauliza nani anayachanganya. Ulimi wangu ulikataa kukutaja. Nilisema nilipewa. Hakunilazimisha. Alinieleza kwamba mafuta ya namna hii hutiwa krimu za madukani zenye dawa kali za kundi la steroidi, ambazo daktari huzitoa kwa uangalifu, kwa ugonjwa maalumu na kwa muda mfupi. Mtu akizipaka usoni kila siku, mwanzoni hung'aa, na yeyote angefurahi. Kisha ngozi hukonda, chunusi humiminika, jua huichoma, na akiacha ghafla uso huwaka, naye hudhani kinachomwumiza ni kuacha, kumbe ni kupaka. Kila neno alilosema lilikuwa uso wangu. Nilikuwa nimezima moto kwa mafuta, na mafuta yenyewe niliyapenda kwa sababu yalikuwa na alama ya kidole chako juu yake.

Hilo peke yake ningeweza kulimeza, nikaendelea kukuandikia "sijambo". Lakini aliongeza kwamba yeye huwahofia zaidi wanaoyachanganya, kwa kuwa huyashika kila siku. Akaniuliza kama namjua mtu ambaye ngozi ya mikono yake imekuwa nyembamba na inang'aa kama karatasi ya nailoni, mishipa inaonekana, vifundo vya vidole vimekuwa vyeusi, na akijigonga kidogo tu damu inavilia chini ya ngozi. Nilimwambia simjui. Nikatoka nje nikakaa kwenye lile benchi, na yule mwalimu mnene akaniuliza kama nimeambiwa nina kansa.

Dada, mikono hiyo naijua kuliko yangu. Ilinifunga kamba za viatu. Mara ya mwisho nilipokuja nyumbani niliona alama ya zambarau mkononi mwako mahali ulipobeba ndoo tu, ukaniambia ni uzee, nawe huna uzee wowote. Vifundo ulisema ni maji ya saluni. Na mimi najua kanuni yako, kila mteja wako anaijua: humpaki mtu kitu ambacho hujajipaka mwenyewe kwanza. Kila kopo lililotoka kwako lilipita mikononi mwako kabla ya kufika usoni kwa mtu. Sijapata kuona mfanyabiashara mwaminifu kuliko wewe, na uaminifu huo huo ndio unaokula mikono yako. Hukujua. Tyubu za krimu unazochanganya zina maandishi mazuri na picha za watu wanaocheka. Ningekuwa mimi ningezinunua pia.

Kwa hiyo nimeogopa tangu siku ile, na nimechoka kuogopa peke yangu. Makopo uliyonitumia sijayafungua, na sitayafungua. Uso wangu nakuomba usiuweke kwenye stika. Nakuomba zaidi ya hapo: kopo hilo lisimame. Asipewe mteja mpya, na wale wa zamani waambiwe wasiache kwa kukurupuka, bali waende kwa daktari wa ngozi, wakiwa na kopo mkononi, hata ndani ya soksi. Watakaokasirika watakasirika. Najua saluni yako ilivyokusimamisha baada ya wazazi wetu kututoka, na jinsi ilivyonisomesha mimi mpaka nikapata kalamu hii ninayokukosolea. Lakini watu hawakuanza kuja kwako kwa ajili ya mafuta. Walikuja kwa sababu hakuna msusi mwingine anayesuka mistari iliyonyooka vile na mteja akasinzia. Mikono hiyo naitaka ibaki ikisuka.

Nimemrudia Daktari Polepole nikamwambia ukweli, kwamba mtu huyo namjua na ni dada yangu. Hakukulaumu hata kidogo. Alisema nikulete Alhamisi yoyote, na kwamba ngozi husamehe, ila polepole. Bi Muhuri amenipa likizo. Nitafika mwisho wa mwezi huu kukuchukua. Ukitaka kunigombeza, nitakuwa karibu. Ukitaka kulia, benchi lile linafaa sana kwa kulia, na baada yake watu huchekeshana.

Sasa fungua karatasi.

Huyo ndiye mimi. Tazama shavu la kushoto, pale yalipokuwa mabaya zaidi. Usiyasikitikie madoa hayo, nimeyatunza mwenyewe, na nayajua kama karani anavyojua mafaili yake. Ile picha ya juu ya kioo nakuomba uiteremshe, uitundike hii mahali pake. Wateja wakikuuliza Profesa kapatwa na nini, waambie amepona. Wasipoamini, waambie yupo dirishani kila siku ya kazi, mbele kabisa, waje wamwone.

Nisalimie wasichana wote wa saluni, na waambie redio ni ya yule aliyefagia. Mpe pole mchapaji wa stika. Nasalimu goti lako, na mikono yako naibusu yote miwili, kila kifundo.

Mdogo wako akupendaye,
Profesa wa Dirishani.

Na kama umeanzia hapa chini, kama ninavyojua umefanya: ndiyo, uso ulio kwenye picha ni wangu, na ndiyo, sijambo. Rudisha karatasi ilivyokuwa, Dada, uanzie juu. Polepole.